Nitafute kwa Jina Gani?

Hebu andika "Kidagaa Kimemwozea" kwenye simu yako sasa hivi, kisha utazame unacholetewa. Mwongozo. Maswali na majibu. Dondoo. Sifa za wahusika kwa PDF. Mwongozo mwingine, huu wa kununua, mwenyewe amekuachia namba ya kutumia pesa. Utashuka na kushuka mpaka kidole kichoke kabla ya kumpata mtu mmoja aliyeisoma riwaya hiyo ya Ken Walibora kwa sababu tu alitaka kuisoma, akacheka au akakasirika, kisha akaandika kwa nini.

Watu hao wapo. Nimekunywa nao chai. Wameandika kwenye kurasa zao, wameandika Facebook, wameandika nyuzi ndefu za saa nane usiku. Shida ni kwamba maandishi yao hayana jina la kuitwa nalo. Ya mtihani yanalo: KCSE, karatasi ya tatu, mwongozo, kidato cha nne. Mwalimu anayeweka notisi zake mtandaoni anajua kabisa ni nani atakayezitafuta na kwa neno gani. Sisi wengine tunaandika uhakiki wa kurasa nne, tunamaliza, tunafika kwenye kile kisanduku kidogo cha tagi pale chini, tunabandika "fasihi" na "Kenya", tunabonyeza chapisha, tunaenda kulala.

Hoja yangu ni moja: tagi ni uhakiki. Ni uhakiki mfupi kuliko wote, neno moja au mawili, lakini ni hukumu kamili kuhusu kazi ni nini, inahusu nini na ni ya nani. Na ndio uhakiki pekee ambao mashine inausoma. Tumeuacha uandikwe na mtu mwenye usingizi.

Sina ugomvi na mtihani, kabla mtu hajanirukia. Bila orodha ya vitabu teule, wengi wetu tusingemaliza riwaya hata moja ya Kiswahili. Lakini orodha hubadilika. Kidagaa kiliipisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei, nayo ikaipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kitabu kikishatoka kwenye orodha, tagi ya mtihani hubaki pale kama bango la mwaniaji wa uchaguzi uliopita: picha ipo, tabasamu ipo, hakuna anayeulizia. Na kama hiyo ndiyo tagi pekee kitabu kilichokuwa nayo, basi kitabu chenyewe kimeenda nayo.

Wasee wa matatu walilielewa jambo hili kabla yetu. Gari la Buruburu lina namba 58, na namba hiyo haina mashairi yoyote. Inakuambia njia, basi. Kisha ubavuni gari lina jina lake, michoro yake, sura ya mwanamuziki au mchezaji. Namba inakufikisha. Jina linakufanya uliache gari lililo tupu na usubiri lile unalolipenda. Hakuna makanga anayechanganya kazi hizi mbili. Hakuna anayefuta namba ili apate nafasi ya mchoro zaidi, na hakuna anayedhani namba peke yake itamvutia kijana wa miaka kumi na tisa. Tagi nzuri zinafanya kazi zote mbili: moja ya njia, nyingine ya gari lenyewe. Majarida yetu mengi yana michoro bila namba, au namba moja iliyobandikwa kwenye kila gari.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza. Watu hudhani kitu unachokosa ukiacha ni cheti. Cheti unaweza kukizoea kukosa. Ninachokosa ni kadi ya maktaba. Siku unapoirudisha, unarudisha pia kazi ya mtu uliyekuwa humjui, aliyekaa na kila kitabu na kuamua kinakaa rafu gani, karibu na kipi. Tangu hapo maktaba yangu ni simu yenye bando ya siku moja, na mkutubi wangu ni yeyote aliyejisumbua kuandika tagi. Akikosea, nakosa kusoma. Ndiyo maana jambo hili halinichekeshi.

Lakini nisiipambe maktaba nayo kupita kiasi. Mpangilio unaotumiwa na maktaba nyingi duniani ulichapishwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Fasihi yote imepewa namba kuanzia 800 hadi 899. Marekani ina kumi zake, Uingereza kumi zake, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania, kila moja kumi zake. Hata Kilatini, lugha ambayo hakuna mtoto anayeitumia kuombea pesa ya chipsi, kimepewa kumi kamili kuanzia 870. Dunia iliyobaki ikasukumwa kwenye 890. Humo ndani lugha nyingi za Afrika ziko 896, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Itazame namba hiyo vizuri. Ile nukta na tarakimu zinazofuata zinakuambia mtu alikuwa ameketi wapi alipokuwa akiigawa dunia.

Na maktaba ina tatizo la pili, ambalo si kosa la mtu: kitabu ni kitu, na kitu hukaa mahali pamoja. Riwaya inayohusu mapenzi, ardhi na Mombasa kwa pamoja lazima ichague rafu moja.

Hapo ndipo tagi zilipoingia kwa mbwembwe. Mwaka 2003 Joshua Schachter alianzisha Delicious, mahali pa kuhifadhi viungo vya kurasa ulizozipenda na kuzipa maneno yako mwenyewe. Mwaka uliofuata Flickr ilifanya vivyo hivyo kwa picha. Thomas Vander Wal akaupa mtindo huo jina, folksonomia, yaani mpangilio unaotoka kwa watu wa kawaida badala ya wataalamu. Tarehe 23 Agosti 2007, Chris Messina akapendekeza kwenye Twitter kwamba alama ya reli itumike kukusanya mazungumzo ya kundi moja, na hashitegi ikazaliwa. Ahadi ilikuwa tamu: hakuna Dewey tena. Kitu kimoja kinaweza kukaa rafu mia, na rafu unaijenga mwenyewe.

Ahadi hiyo ilitimia nusu. Nusu nyingine inahitaji kusimuliwa kupitia watu ambao wasomi wetu hawawachukulii kwa uzito, yaani mashabiki wanaoandika hadithi za kuendeleza filamu na vitabu wanavyovipenda. Hawa walikuwa wameigeuza Delicious kuwa maktaba kubwa ya hadithi zao, kwa tagi za kina ambazo mkutubi angezionea wivu. Yahoo iliinunua Delicious mwaka 2005. Mwaka 2011 ikauzwa tena, wamiliki wapya wakaijenga upya, na katika ujenzi huo mkwaju, ile alama ya "/", ukaacha kufanya kazi kwenye tagi. Kwa mtu mwingine ni alama tu. Kwa mashabiki ilikuwa ndiyo alama inayounganisha majina ya wahusika wawili wanaopendana. Yaani uti wa mgongo wa mpangilio wao ulivunjwa na mtu ambaye hakujua upo. Wakahama kwa wingi kwenda Pinboard, na mwaka 2017 Pinboard hiyo hiyo ikainunua Delicious na kuifunga isipokee kitu kipya.

Funzo la kwanza, basi: tagi zikikaa kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba akibadilisha kufuli, umelala nje.

Funzo la pili ni zuri zaidi. Wengi wa mashabiki hao hadithi zao ziko Archive of Our Own, hifadhi inayoendeshwa na shirika lisilo la faida, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009. Mwandishi anaruhusiwa kuandika tagi yoyote anayoitaka, kwa tahajia yoyote, hata sentensi nzima ya mzaha. Hakuna anayemsahihisha. Lakini nyuma ya pazia wapo wanaojitolea, na jina la kazi yao kwa Kiingereza linakaribia kabisa neno letu wachungaji. Kazi yao ni kuchunga tagi. Mmoja ameandika jina kamili la mhusika, mwingine jina la utani, mwingine kakosea herufi. Mchungaji haufuti uandishi wa yeyote. Anazifunga zote kwenye tagi moja kuu, ili ukibonyeza moja uzipate zote. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi, na sehemu ya sifa iliyosemwa jukwaani ilikuwa ya wachungaji hao.

Mimi naiona hiyo kuwa kazi bora ya uhakiki mtandaoni, na haina jina la mwandishi hata mmoja. Inamheshimu anayeandika, inamheshimu anayetafuta, na inakubali kwamba wawili hao hawazungumzi lugha moja.

Sasa turudi nyumbani, ambako lugha ndiyo kisa chenyewe.

Kwa Kiingereza neno hubadilika mkiani. Ukitoka umoja kwenda wingi, mwanzo unabaki vile vile, herufi inaongezwa mwishoni. Visanduku vya kutafutia vimejengwa kwa mazoea hayo: unaandika herufi tatu za kwanza, vinakupendekezea zilizobaki. Kiswahili hubadilika kichwani. Mwandishi, waandishi. Kitabu, vitabu. Shairi, mashairi. Utenzi, tenzi. Kwa kisanduku kilichozoea mkia, "shairi" na "mashairi" hazina undugu wowote. Moja iko kwenye S, nyingine kwenye M, na katikati yake kuna herufi kadhaa. Kwa hiyo jarida moja linaweza kuwa na mashairi ishirini, kumi na moja chini ya tagi moja na tisa chini ya nyingine, na msomaji akaondoka akiamini ameyaona yote.

Cha ajabu, wenye bahati ni waandishi wa nathari. Hadithi ni hadithi, iwe moja au mia. Riwaya hivyo hivyo, tamthilia hivyo hivyo, insha na makala pia. Anayeumia ni mshairi, kama kawaida yake. Na dawa yake iko kwenye lugha yenyewe, bure: neno "ushairi". Halina wingi wa kukusumbua, linataja fani yenyewe badala ya kuhesabu vipande. Jarida likikubaliana kwamba kila beti linalochapishwa litaingia chini ya "ushairi", tatizo limekwisha leo kabla ya chakula cha mchana.

Jina la lugha nalo ni kesi. Kuna "Swahili" na kuna "Kiswahili". Bonyeza hashitegi ya kwanza na utakutana na pilau, milango ya Lamu, hoteli yenye vyandarua vyeupe na mtu anayekufundisha kusema jambo. Bonyeza ya pili na unaanza kuwaona watu wanaoitumia lugha yenyewe: walimu, washairi, watani. Tofauti ni silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo inayotenganisha lugha na mapambo. Jarida linaloweka hadithi ya Kiswahili chini ya "Swahili" limeipeleka sokoni kwa watalii. Halafu tunashangaa kwa nini haisomwi.

Wanaoandika Gĩkũyũ wana mtihani wao mwingine. Herufi ĩ na ũ ni herufi kamili, zinabadilisha maana, lakini vidole vingi haviziandiki kwenye simu. Tagi yenye alama na tagi isiyo nazo zinaweza kuwa rafu mbili zisizojuana. Na Sheng? Sheng hata haiombi tahajia moja. Matatu, mathree, ma3, mat: huo ni uhai wa lugha, na sitaki mtu yeyote aje kuunyoosha. Ninachotaka ni mchungaji. Acha kila mtu aandike anavyosikia, halafu mtu mmoja mwenye subira azifunge kamba moja.

Kuna wakati tuliifanya kazi hii vizuri bila kufundishwa. Juni 2024, hashitegi ya RejectFinanceBill2024 ilikuwa na kitu ambacho watu hawakukisifu vya kutosha: mwaka. Kila mwaka kuna Mswada wa Fedha. Aliyeuongeza mwaka, awe nani, alifikiri kama mkutubi. Alimfikiria mtu atakayekuja kutafuta baadaye na hatakuwa na muktadha. Chini ya jina hilo watu walifafanua vifungu, wakavieleza kwa lugha za nyumbani, wakapeana maelekezo, wakaandika mashairi. Kuanzia maandamano ya tarehe 18, hadi waandamanaji walipoingia Bunge tarehe 25, hadi Rais Ruto aliposema siku iliyofuata kwamba hatautia sahihi, jina lilikuwa moja.

Na bado. Jaribu leo kumtumia mtu asiye na akaunti ya X kiungo cha kutafuta mambo yale, ataambiwa aingie kwanza. Hifadhi ya siku zile iko kwenye nyumba ya kupanga. Anayekumbuka Delicious anajua nyumba hizo huishia wapi.

Pia tuseme ukweli kuhusu uso wa pili wa hashitegi zetu. Septemba 2021, Odanga Madung na Brian Obilo walitoa ripoti kupitia wakfu wa Mozilla kuhusu kampeni za kulipiwa kwenye Twitter ya Kenya wakati wa mjadala wa BBI. Vijana walikuwa wakilipwa takriban dola 10 hadi 15 kushiriki katika kuipandisha hashitegi mpaka ifike kwenye orodha ya zinazovuma. Hapo tagi iligeuka. Ilikuwa ya kumsaidia anayetafuta. Ikawa ya kumpata asiyetafuta chochote. Ukiwa na kodi ya nyumba inayokusubiri tarehe tano, siwezi kukuhukumu. Lakini tuitofautishe: tagi ya mkutubi inasubiri uulize, tagi ya mpiga debe inakuvuta shati.

Nashuku magonjwa ya majarida yetu yametokana na kuiga ya pili. Tagi zinachaguliwa kwa kile kinachovuma. Tazama zinazojirudia: "Afrika", "utambulisho", "wanawake", "jamii". Chukua "Afrika" kwanza. Jarida la Nairobi, waandishi wa Nairobi na Kisumu na Mombasa, na tagi ni Afrika. Tagi inayofaa kila kipande haikusaidii kupata kipande chochote. Ni kama kumwelekeza mgeni kwa kumwambia nyumba yako ina paa. Ukiiona, jua haikuandikwa kwa ajili yako wewe msomaji wa Umoja au Kayole. Imeandikwa kwa mtu aliye mbali, mwenye rafu moja tu ya kutuweka.

Kisha "wanawake". Hadithi ya mwanamke anayefanya biashara Gikomba inapewa tagi hiyo. Hadithi ya mwanamume anayefanya biashara Gikomba haipewi tagi ya "wanaume". Inapewa "biashara", "jiji", "maisha". Yeye ni mtu, yule ni mada. Hakuna mhariri aliyekaa akaamua kusema hivyo kwenye tahariri, na angeaibika kuisema. Tagi imeisema kwa niaba yake, mara mia, bila sauti. Ukitaka kujua jarida linaamini nini hasa, ruka tahariri, soma orodha ya tagi zake.

Nimewahi kulipwa kuandika maelezo na tagi za duka la viatu mtandaoni. Kibarua cha wiki mbili. Swali pekee nililoulizwa kila siku lilikuwa: mteja ataandika nini? Hakuna aliyetaka kujua kama kiatu kinaakisi hali ya binadamu. Kama watu wanaandika "viatu vya mpira vya shule namba 4", basi hivyo ndivyo kiatu kitakavyoitwa. Inachekesha, lakini duka lile lilimjali anayetafuta kuliko majarida mengi ya fasihi ninayoyapenda.

Kwa hiyo ningependa mhariri ajiulize swali la duka la viatu kabla ya kubonyeza chapisha. Nani ataitafuta hadithi hii miaka kumi ijayo, na ataandika nini? Pengine ataandika "hadithi kuhusu kufukuzwa kwenye nyumba". Pengine "Eastleigh". Pengine "baba asiyeongea". Pengine "Kiswahili, vichekesho, fupi, ya kusoma kwenye gari". Hizo ndizo tagi: umbo, lugha, mahali hasa, mwaka, na jambo moja ambalo hadithi hii inalo na jirani yake haina. Tano zinatosha. Tagi ya "utambulisho" ipumzike kidogo, imefanya kazi sana.

Na kila jarida liwe na mchungaji. Mtu mmoja, saa mbili kwa mwezi, anayepitia tagi za zamani, anaunganisha shairi na mashairi, anaongeza umoja uliosahauliwa, anarudi kwenye hadithi ya miaka mitano nyuma na kuipa jina ambalo wakati ule hatukuwa nalo. Alipwe. Jina lake liandikwe pale chini pamoja na la mhariri na mchoraji. Na orodha yake ihifadhiwe kwenye faili ambalo jarida linalimiliki, kwa sababu makampuni ya mitandao yana tabia ya kubadilisha kufuli.

Kuna msichana mahali fulani, simu imepasuka kioo, bando inaisha saa sita usiku. Amemaliza Chozi la Heri shuleni, na kinyume na matarajio ya mwalimu wake, amekipenda. Anataka kingine cha namna ile. Anafungua kisanduku na kuanza kuandika. Ameshafika herufi ya nne. Tumempa nini cha kupata?